"Lala Usingizi": mazungumzo na vijana juu ya kutabiri na kubeti mechi za kombe



Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana wetu baada ya swala ya Isha. Waliokosa waliomba yaandikwe, kwa hivyo nimeyaweka hapa karibu sawa na nilivyoyasema. Yale yaliyochekesha ukumbini huenda yasichekeshe kwenye simu, mtanisamehe.

Nilianza kwa kuuliza: nani hapa aliweka mkeka wikendi iliyopita? Kimya. Hakuna mkono hata mmoja. Vijana arubaini na kitu, wote watu wa peponi. Sasa Mungu si Athumani, simu ya mmoja ikalia ule mlio wa goli, na nusu ya ukumbi wakapeleka mikono mifukoni. Tukacheka wote. Baada ya hapo ndiyo tukaweza kuzungumza.

Kwa hivyo wewe unayesoma peke yako, jijibu kimoyomoyo. Hapa hakuna anayekuangalia.

Sikuja kukusomea hukumu. Suratul Maida, aya ya 90 na 91, umezisoma tangu madrasa, na maalim wako anazijua kuniliko. Ninalotaka kuzungumzia ni lile jawabu ambalo kijana huwa nalo tayari kabla hujamaliza kusema: "Mimi sichezi kamari, bro. Kamari ni ya wale wa karata. Mimi najua mpira, hii ni hesabu." Jawabu hilo nalijua sana. Lilikuwa langu mimi, na nililiuza kwa watu.

Wenye umri wangu mtakumbuka Juni 2019. Bandari yetu, ya Mbaraki, ilifika fainali ya Shield dhidi ya Kariobangi Sharks. Mimi nilikuwa chuo wakati huo, ninasomea diploma yangu, na jioni zangu zote zilikuwa maskani, Majengo. Nikasimama mbele ya watu nikasema: Bandari anabeba kombe, na magoli yatapita mawili. Ikaisha 3-1, Bandari bingwa. Siku ile niliitwa Profesa na jina likanishika. Hakuna aliyejiuliza Profesa alifikiaje uamuzi wake. Ukweli ni kwamba mimi ni mtoto wa Mombasa, na Bandari angecheza na Barcelona ningesema Bandari anashinda. Lakini ukishabahatisha mbele ya watu, hata wewe mwenyewe unaanza kuamini kwamba ulijua.

Nikafungua kundi la WhatsApp. Wiki ya kwanza watu kumi na saba, baada ya miezi michache tulikuwa zaidi ya mia. Shilingi hamsini kwa wiki, unatumiwa mkeka wa wikendi. Na nilikuwa nautuma Ijumaa. Ndiyo, Ijumaa, kati ya Jumaa na Asr, nikiwa na kanzu yangu. Siku nyingine nilikuwa naandika orodha ya timu nikiwa bado kwenye baraza ya msikiti natafuta viatu.

Kabla sijaenda mbele, hebu tuangalie hilo kombe lenyewe. Mwaka ule liliitwa SportPesa Shield. Baadaye likaitwa Betway Cup. Halafu Mozzart Bet Cup. Hili ni kombe la taifa letu, linalofungua mlango kwa timu za madaraja ya chini kukutana na Gor Mahia na Leopards, na mtoto wa miaka tisa hawezi kulitaja jina lake bila kutaja kampuni ya kubeti. Siwalaumu wachezaji, wana familia. Wala sisemi vilabu vilikuwa na wadhamini wengine wamepanga foleni vikawakataa, maana mwaka huo huo wa 2019 serikali ilipokataa kuhuisha leseni za baadhi ya kampuni kubwa, udhamini ulikatika ghafla na vilabu vikabaki kuhangaika na nauli. Ninachosema ni kwamba mtoto wetu anajifunza kubeti na kupenda mpira siku moja, kutoka kwa jezi moja. Halafu akifika miaka kumi na saba tunamshangaa.

Miaka kumi na saba. Ndipo ninapotaka kufika.

Januari 2021. Mnakumbuka shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 4 Januari. Wazazi walikuwa wamekaa miezi tisa bila biashara ya maana. Khalati yangu, dada wa mamangu, alikuwa anakaanga mahamri na viazi vya karai, na kafiu ilikuwa imemla biashara ya usiku yote. Alikusanya kidogo kidogo mpaka akapata shilingi elfu nane, karo ya mwanawe wa kidato cha tatu. Akamtumia kijana kwenye M-Pesa Ijumaa ili Jumatatu asubuhi apitie benki kabla ya kuingia shule. Laini aliyokuwa akitumia yule kijana ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mamake. Sheria inasema asiyefika miaka 18 habeti. Sheria ilikuwa inamwona mama wa makamo.

Wikendi hiyo ilikuwa raundi ya tatu ya Kombe la FA kule Uingereza. Kwa mtabiri, raundi ya tatu ni sikukuu. Ndipo timu za Ligi Kuu zinapoingia, nyingi zinapangwa na timu za chini, ukitazama orodha unaona kama pesa zimemwagwa chini uokote tu. Mkeka wangu wa Jumamosi ulikuwa na Arsenal nyumbani dhidi ya Newcastle. Bwana mdogo akaweka elfu tatu.

Mechi ile kafiu ilitufukuza maskani kabla haijaisha, mimi nikaimalizia kwenye simu kitandani. Arsenal walishinda 2-0. Nikatuma kwenye kundi picha ya mikono ya kuomba na maneno "Alhamdulillah wakuu". Astaghfirullah, nikiyakumbuka hayo naona haya. Dakika chache baadaye jumbe zikaanza kuingia. "Profesa mbona mkeka ni mwekundu?" "Profesa kampuni imetuibia." Nikafungua wangu, nao mwekundu.

Kampuni haikuwa imemwibia mtu. Dakika 90 ziliisha 0-0. Yale magoli mawili ya Arsenal yaliingia katika muda wa nyongeza. Na mkeka wa kawaida, ule wa nyumbani, sare, ugenini, unahesabu dakika 90 na zile chache za refa. Mechi ya kombe ikienda nyongeza, kwa mkeka wako ni sare, hata timu yako ikipita raundi kwa magoli kumi. Mimi, Profesa, nilikuwa nikikusanya pesa za watu mwaka mzima na sikuwa nimesoma sheria hiyo.

Bwana mdogo akanitumia ujumbe Jumapili adhuhuri. Ninao mpaka leo, nimebadilisha simu mara mbili na kila mara nimeuhamisha. Aliandika: "Bro Leeds leo ni uhakika?"

Hakuniambia ni karo. Hakuniambia amebakisha elfu tano. Mimi nami sikumuuliza kitu. Leeds ya Ligi Kuu ilikuwa inacheza na Crawley Town, timu ya daraja la nne. Nikamjibu maneno mawili: "Lala usingizi."

Mnaofuatilia mnajua ilivyokuwa. Crawley 3, Leeds 0. Nusu ya kwanza hakuna kitu, nusu ya pili yakaingia yote matatu. Mpaka leo Waingereza wakitaja maajabu ya kombe lile wanaitaja mechi hiyo. Kwenye kundi letu watu walicheka, wakatuma vikatuni, wakasema "mpira unadunda". Bwana mdogo hakuandika chochote. Jumatatu hakuonekana shule, hakuonekana nyumbani. Khalati alinipigia simu mimi. Mimi! "Mwanangu, wewe ndiye unayekaa na vijana, nisaidie kumtafuta nduguyo." Siku ya nne tulimpata Kongowea sokoni, anabeba magunia, analala kwenye mkokoteni.

Nitarudi kwake. Kwanza nataka tufungue hiyo hesabu, kwa sababu tuliambiana hii ni hesabu, sio?

Chukua mechi moja ya kombe. Timu kubwa nyumbani imepewa odi ya 1.50, sare 4.00, timu ndogo 6.00. Ni mfano wangu lakini odi za aina hiyo unaziona kila wiki. Sasa jifanye tajiri mwoga, unataka ushinde vyovyote itakavyokuwa, na uondoke na shilingi elfu moja. Timu kubwa itabidi uweke 667. Kwenye sare, 250. Timu ndogo, 167. Jumlisha. Ni 1,084. Umetoa 1,084 ili urudishiwe 1,000, na hakuna tokeo lingine duniani nje ya hayo matatu. Hizo 84 ni za mwenye duka. Anazipata Crawley ikishinda, anazipata Leeds ikishinda. Yeye hatabiri mpira. Anauza tiketi kwa bei iliyozidi, basi, kama mwenye kibanda anayenunua soda jumla na kukuuzia rejareja.

Mechi moja unaweza kusema, aa, themanini na nne si kitu. Lakini nani katika sisi anaweka mechi moja? Kijana ana shilingi mia, anataka alfu mbili. Anaunganisha mechi nane, kila moja 1.50. Anaona kwenye skrini "ushindi: 2,562" na macho yanakodoka. Sasa ukiiondoa ile faida ya duka, odi ya 1.50 kwa mfano wetu ina maana timu hiyo itashinda kama mara 61 au 62 katika mia. Zote nane ziingie kwa pamoja? Ni kama mara mbili katika mia. Ukiweka mkeka kama huo mara mia, shilingi elfu kumi zimetoka mfukoni, utarudishiwa wastani wa elfu tano na kitu. Kila mechi unayoongeza, mwenye duka anachukua kipande chake tena, kutoka kwa kile kilichobaki. Ndiyo maana mikeka mirefu wanakuongezea bonasi. Fikiria, ni biashara gani mwenye duka anakupa bonasi ukifanya kitu kinachomtia hasara?

Tena nakupa heshima zaidi. Tuseme wewe si mtu wa kawaida, wewe una uhakika wa mara nane kwa kumi kwa kila mechi, kitu ambacho hakuna binadamu anacho kwenye mechi za kombe. Mkeka wa mechi kumi utaingia kama mara moja kwa kumi. Hizo mara tisa nyingine utasema "timu moja tu imenichania." Kila mtu maskani ana hadithi ya timu moja tu. Timu moja si ajali. Hivyo ndivyo kitu kilivyotengenezwa.

"Lakini mimi nasoma, Profesa. Naangalia majeruhi, naangalia nani amepumzishwa."

Sawa. Leeds siku ile kocha wao, Marcelo Bielsa, alibadilisha wachezaji wengi. Makocha wakubwa hufanya hivyo kwenye kombe, ligi ndiyo inayowalisha. Upande wa pili kuna timu ya daraja la nne inayocheza mechi ya mwaka, mbele ya kamera, mchezaji anajua akifunga leo jina lake litakumbukwa na wajukuu. Na Kombe la FA tangu msimu wa 2024/25 halina tena mechi ya marudiano kuanzia raundi ya kwanza, ni usiku ule ule: nyongeza, halafu penalti. Haya yote wewe unayajua. Kampuni nayo inayajua, ina watu na mitambo inayofanya kazi hiyo tu mchana na usiku, na habari ikitoka odi zinasogea kabla hujamaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Ujuzi wako ushauzwa ndani ya ile bei. Kujua kwamba Leeds ni timu bora kuliko Crawley si siri, hata khalati yangu ungemweleza dakika mbili angejua. Ili upate pesa kwa muda mrefu inabidi ujue kuliko bei inavyojua, na ujue kwa zaidi ya ile sehemu wanayokukata. Hilo ndilo sikulielewa. Kutabiri sawa ni jambo moja, kushinda pesa ni jambo jingine kabisa.

Angalieni hizi mbili. Agosti 2025, Kombe la Carabao, Grimsby Town ya daraja la nne ilikutana na Manchester United. Tuseme kuna kijana mmoja tu Mombasa nzima aliyeota kwamba Grimsby wanamtoa United, akaweka pesa Grimsby ashinde. Aliona sawa kuliko wataalamu wote wa dunia. Grimsby wakapita. Na pesa yake ikaenda, kwa sababu dakika 90 ziliisha 2-2, penalti zikaisha 12-11. Kwenye karatasi ya kampuni, ile ni sare. Nyumbani hapa, fainali ya 2021, Gor na Leopards, mechi ya Mashemeji. Gor walibeba kombe kwa penalti baada ya 0-0. Shabiki wa Gor aliyeweka Gor alishangilia kombe huku mkeka wake umekufa.

Halafu Juni 2025, fainali ya kombe letu tena. Nairobi United, timu iliyokuwa inacheza Super League, daraja la pili, ikaifunga Gor Mahia 2-1. Mimi wakati huo nishaacha haya mambo, niliitazama mechi kwa raha ambayo sijawahi kuipata nikiwa Profesa. Sikuwa na shilingi mle ndani. Goli likiingia nashangilia goli. Wewe unayebeti, nakuuliza, mara ya mwisho ulishangilia goli zuri la timu usiyoiwekea ilikuwa lini? Unakaa unaomba Mungu kona isipigwe kwa sababu uliweka kona chini ya tisa. Mtu mzima, unaomba dua dhidi ya kona.

Sasa wale wanaouza "mechi zilizopangwa". Telegram imejaa. Nitawaambia kwa ufupi jinsi inavyofanyika, nilikaa karibu nao. Mtu ana namba elfu moja. Nusu anawatumia "Simba atashinda", nusu "Simba hatashinda". Moja lazima iwe kweli. Wale mia tano waliopata sawa anawagawa tena. Baada ya mara tatu ana watu 125 ambao hawajawahi kumwona akikosea, wako tayari kumlipa elfu tano. Hana mechi yoyote iliyopangwa. Na kama kweli mechi zinapangwa, na zimepangwa, maana mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wa klabu moja ya ligi kuu yetu kwa jambo hilo, mmoja wao maisha, basi anayeijua hawezi kukuuzia wewe kwa mia mbili kwenye simu. Wengine nao wanakupa namba ya mkeka bure, unadhani ni ukarimu. Kuna kampuni zinazomlipa mtu kwa kila mteja anayemleta, na malipo yanatokana na kile mteja anachopoteza. Ukipoteza, rafiki yako mtabiri anakula.

Kodi nayo isisahaulike, kwa sababu vijana wanadhani ilishuka. Kwa Sheria ya Fedha ya 2025 ushuru ni asilimia 5 ya unachoweka kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 ya unachotoa. Weka 1,000, inaingia 950. Badili mawazo, usibeti hata mechi moja, toa zote: unapata 902 na senti hamsini. Umepoteza karibu mia kwa kuingia mlangoni na kutoka.

Baada ya mazungumzo niliulizwa maswali mengi, nitaandika mawili.

La kwanza: je, kutabiri bila pesa? Kijana mmoja alisema wanaandika utabiri ukutani, hakuna anayetoa kitu. Kwa fahamu yangu hakuna pesa hakuna maisiri, huo ni utani wa mpira, na mpira bila ubishi haunogi. Lakini waliposema kila mtu atoe mia na mshindi azoe zote, nikasema hiyo ndiyo yenyewe, umetoa kampuni umeweka jirani.

La pili lilinikaa kooni, kwa sababu linatuhusu sisi waandalizi. Zile kombe zetu za mtaani, zile za Ramadhani baada ya Tarawehe. Kila timu inalipa kiingilio, na zawadi ya mshindi inatoka kwenye kile kiingilio. Nilimuuliza maalim wetu, akasema hapo pana tatizo, kwa sababu kila timu imeweka mali ili ama ipate ya wenzake ama ipoteze yake. Zawadi ikitoka kwa mfadhili asiyecheza, hapana ubaya. Sisi tumekuwa tukipiga kelele juu ya kampuni za kubeti, na kombe letu wenyewe lilikuwa hivyo miaka mitatu. Mwaka huu tumeamua kiingilio kiwe cha refa, mipira na maji tu, na kihesabiwe hadharani. Zawadi tunatafuta mfadhili. Mwenye duka, mwenye hoteli anayesoma hapa, unajua pa kutupata.

Niliahidi kurudi kwa bwana mdogo.

Shule alirudi, muhula ulikuwa umefika nusu. Karo ililipwa kwa mtaji wa khalati, karai likakaa juu ya kabati miezi miwili. Mimi nilitoa elfu mbili na mia tano, nikampa khalati mkononi, akaniombea dua ndefu ambayo sikustahili hata neno moja. Sikumwambia. Kundi nililifunga wiki ile ile, watu wengine walitaka warudishiwe hamsini zao, nikawarudishia. Lakini khalati sikumwambia, miaka minne. Kila Idi naenda kwake, nakula pilau yake, yeye anawaambia wageni: "Huyu ndiye aliyenitafutia mwanangu."

Nilimwambia mwaka jana. Alinyamaza, akaendelea kukanda unga. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Na wale wengine zaidi ya mia, mama zao umewaambia?"

Ndiyo sababu nimesimama mbele yenu, na ndiyo sababu nimeandika hapa mnaponisoma wengi. Nyinyi mliokuwa kwenye lile kundi mko humu, nawaona majina. Niwieni radhi. Aliyepoteza zaidi ya ile hamsini kwa neno langu, nitafute, tukae tuzungumze. Sina pesa nyingi lakini sitakukimbia.

Bwana mdogo sasa ana bodaboda Kisauni. Bado anabeti. Nikimwambia aache hunijibu kwa upole, bila hasira, "Bro, si wewe ulinifundisha?" Sina la kumjibu. Wiki iliyopita tulikaa tukafungua taarifa yake ya M-Pesa ya miezi sita, tukajumlisha kwa kikokotoo cha simu zilizoenda na zilizorudi. Sitataja kiasi, ni chake. Aliitazama ile tofauti, akasema ingekuwa nusu ya pikipiki ya pili. Kisha akaniuliza, "Akaunti inafungwaje?" Tulitafuta ile sehemu ya kujifungia mwenyewe, iko, lakini wameificha chini kabisa. Alifunga moja. Zilikuwa tatu.

Alhamisi baada ya Isha tunafanya hivyo na yeyote anayetaka, mmoja mmoja, chumba cha nyuma. Dada zetu wana wakati wao Jumamosi asubuhi na dada mwenzao, maana nao wanabeti, tusidanganyane. Hakuna atakayeuliza jina wala kiasi. Njoo na kitambulisho, na simu iwe na chaji.